Gereji ya Wasomaji: Kapeti ikitoka, sakafu ipakwe vipi?

Barua nyingi zilizotufikia baada ya masika zinazungumzia jambo moja: kapeti ya gari imelowa, inanuka, na mwenye gari anataka kuing'oa kabisa, kisha sakafu ipakwe bedilaina, yaani ile rangi nene, ngumu na yenye chembechembe inayopakwa kwenye bodi ya pikapu ili mizigo isiikwaruze. Tumezikusanya zile zenye maswali yanayofanana na kuzijibu hapa.

Nina Toyota Prado ya 1998. Kapeti upande wa abiria wa mbele haikauki hata jua likiwaka wiki nzima. Nataka kuing'oa na kupaka bedilaina. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

Anza na maji, ndugu yetu. Ukipaka rangi kabla ya kujua maji yanaingilia wapi, utakuwa umejenga bwawa lisilopitisha hata tone.

Kapeti inayolowa upande wa abiria pekee, mvua iwepo isiwepo, mara nyingi inatokana na AC. Kwenye Toyota nyingi za usukani wa kulia, kipoza hewa kiko nyuma ya droo ya dashibodi, upande huohuo wa abiria. Maji yanayojikusanya pale hutoka nje kwa kibomba kidogo cha mpira. Kibomba kikiziba kwa vumbi na majani, maji hurudi ndani na kushuka chini ya kapeti. Washa AC kwa dakika 20 gari likiwa limesimama, kisha chungulia chini. Usipoona matone, zibua kibomba kwa waya laini au kwa hewa kidogo sana. Usikielekezee kopresa kwa nguvu zote, kwa sababu kikichomoka kwa ndani itabidi ufungue dashibodi.

Maji yakiwa na utelezi na harufu tamutamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inayovuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Yakiingia wakati wa mvua tu, kagua mpira wa kioo cha mbele, boliti za keria ya juu, na ile plastiki nyembamba iliyobandikwa ndani ya mlango nyuma ya pambo. Fundi aliyetengeneza kioo cha dirisha huichana plastiki hiyo na mara nyingi hairudishi. Mwagia maji kwa mpira wa bustani ukianzia chini na kupanda juu polepole, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatatiririka kila mahali na hutajua ni tundu lipi.

Kuhusu kama bedilaina inakufaa: kwa gari la shamba, la kubeba mbegu, mbolea na viatu vyenye matope, inafaa sana. Kwa gari linalotembea lami siku sita kati ya saba, tungekushauri ukaushe kapeti, utengeneze tundu, ubadilishe sponji ya chini, na ununue mipira mizuri ya kukanyagia. Kinachooza na kuleta kutu si kapeti yenyewe bali ile sponji nene iliyo chini yake. Inashika maji kwa majuma, na bati lililo chini yake halipati hewa.

Onyo hili ni pia kwa wenye Land Cruiser za kazi, zile za modeli ya 78 na 79 zenye sakafu ya mpira. Wengi huamini kwamba kwa kuwa juu ni mpira, chini ni salama. Funua ukingoni uone: mara nyingi kuna tabaka la sponji au manyoya yaliyoshindiliwa, na likishalowa linakaa na maji kama kapeti tu.

Naomba utaratibu wa kung'oa kila kitu. Gari lina eabegi na naogopa kugusa waya. – Msomaji, Nakuru

Unafanya vizuri kuogopa. Chomoa waya wa negativu wa betri, kisha subiri. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi uishe. Sisi tungesubiri dakika kumi. Plagi na waya za eabegi kwa kawaida ni za njano. Baadhi ya viti vina plagi hizo chini yake, kwa hiyo inua kiti kidogo, chomoa plagi, ndipo ukitoe. Kuanzia hapo usifungue swichi ya gari mpaka viti virudi na plagi zote ziunganishwe. Ukifungua, kompyuta itaandika hitilafu na taa ya eabegi itabaki inawaka hadi ifutwe kwa mashine.

Toa viti, kisha mapambo ya vizingiti vya milango, pambo la kati linalozunguka gia, na boliti za chini za mikanda. Kila boliti iingie kwenye mfuko wake na uandike ilikotoka. Boliti za mikanda ni ngumu kuliko za kawaida na zina uzi wake, hivyo usizibadilishe na boliti ya dukani eti kwa sababu tu imeingia. Wakati wa kurudisha, zikaze kwa spana ya kupimia nguvu kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha gari lako.

Kapeti ya mbele huwa imekatwa ipite kwenye gia na pedali, hivyo itoke taratibu ikielekea mlangoni. Iviringishe na uihifadhi mahali pakavu hata kama huitaki, kwa sababu ndiyo itakayokuwa kielelezo cha kukatia mipira baadaye, na mnunuzi wa gari anaweza kuitaka.

Chini utakuta mabamba meusi ya lami yaliyobandikwa kiwandani kupunguza mtikisiko. Yale yaliyoshika vizuri pande zote yanaweza kubaki. Yaliyopasuka au kunyanyuka yatoke yote, maana maji huingia chini yake. Yapashe moto kwa bunduki ya hewa ya moto mpaka yalainike, kisha uyakwangue kwa chuma bapa. Ukiweza kupata barafu kavu, njia hiyo ni safi zaidi: iweke juu ya bamba kwa dakika chache, lami inakakamaa, ukiigonga kwa nyundo inapasuka vipande. Barafu kavu inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi inayofukuza hewa safi, kwa hiyo milango yote iwe wazi na uvae glavu nene.

Mabaki ya gundi yaondolewe kwa tapentaini, kisha sehemu hiyohiyo ifutwe tena kwa kisafishio cha bodi kinachotumiwa na wapiga rangi, kwa vitambaa viwili, kimoja cha kulowesha na kingine kikavu cha kufutia. Tapentaini peke yake inaacha mafuta. Mafuta ya taa ni hivyohivyo. Petroli, ambayo magereji mengi bado yanaitumia, inaacha uchafu na mvuke wake ndani ya gari lililofungwa unaweza kuwashwa na cheche moja ya grinda.

Nimekuta kutu chini ya kapeti, sehemu nyingine kidole kinapenya. Fundi anasema bedilaina itaziba. – Msomaji, Tanga

Haitaziba. Itafunika usione, na kutu itaendelea chini yake mpaka mguu utokee upande wa pili. Ndugu yetu, tunakusihi usimruhusu.

Chukua bisibisi na ugonge sakafu nzima, hasa pembe za chini ya pedali, mstari unaogusa vizingiti, na kuzunguka mashimo ya boliti za viti. Panapobonyea, bati limeisha. Kata hadi ufikie bati zima lenye sauti kali, kisha kichomelewe kiraka cha bati la unene unaofanana na la asili, kwa kawaida karibu milimita 1. Kabla ya kuchomelea, mtu alale chini ya gari aangalie bomba za mafuta na za breki zinapita wapi, na betri iwe imechomolewa. Kama kutu imekula karibu na boliti za kiti au mkanda, kiraka chembamba hakitoshi. Pale panahitaji bamba nene la kuimarisha na fundi anayejua bodi, kwa sababu ndipo uzito wako wote unaposhikiliwa siku ya ajali.

Kutu ya juujuu iondolewe kwa brashi ya chuma na msasa mpaka bati ling'ae. Vishimo vidogo ambavyo msasa haufiki vipakwe dawa ya kugeuza kutu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya: dawa nyingi za aina hiyo zina asidi ya fosforiki, na mabaki yake yakibaki juu ya bati yanazuia praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati, isikauke vizuri. Fuata maelekezo ya kopo kuhusu kuosha au kufuta, acha pakauke kabisa, ndipo upake epoksi. Kwa sababu hiyohiyo, usipake epoksi juu ya praima ya asidi isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Chagua moja. Kwa sakafu ya gari la pwani, tunachagua epoksi.

Na upande wa chini wa sakafu? Kiraka kilichochomelewa kinaungua rangi pande zote mbili. Bedilaina ya ndani haitakusaidia ikiwa chini pamebaki wazi kwa matope na chumvi.

Ninunue kiasi gani, na ipi ni bora: ya kupaka kwa rola au ya kupuliza? Gari ni Suzuki Jimny. – Msomaji, Kampala

Pima sakafu yako mwenyewe, ukihesabu mgongo wa kati, kuta za pembeni hadi vizingitini, na matao ya magurudumu ya nyuma. Hesabu yenyewe ni rahisi: lita 1 ikitandazwa kwa unene wa nusu milimita ikiwa mbichi inafunika mita 2 za mraba. Gari dogo la milango mitatu lenye kama mita 3 za mraba, kwa koti mbili nyembamba zaidi ya hapo, litakula lita 2 hadi 3. Gari la milango mitano lenye sehemu ya mizigo linaweza kufika mita 6 au 7, na hapo panga lita 4 hadi 6. Ongeza kidogo kwa sababu rola nayo inakunywa.

Kuna aina mbili utakazokutana nazo. Ya kopo moja hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani. Inapakwa kwa rola na brashi, haihitaji kopresa, na inamvumilia asiye fundi. Ubaya wake ni kwamba kopo likishafunguliwa halisubiri mwezi ujao, hasa kwenye hewa nzito ya pwani. Ya pili ni ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kukaza rangi. U-POL Raptor, kwa mfano, huja kwenye chupa zenye mililita 750 za rangi na nafasi ya kujazia mililita 250 za hadina, yaani 3 kwa 1. Ukishachanganya una muda wa saa moja hivi kabla haijaanza kukaza, kwa hiyo changanya chupa moja moja. Usipunguze hadina ili upate muda zaidi. Rangi itabaki laini na itachubuka kwa kisigino.

Bunduki ya kupulizia inatoa chembe zinazolingana, rola inatoa uso mzito na wa mawimbi kidogo. Kwa sakafu ya ndani ya gari tunapendelea rola. Ukungu wa rangi hausambai kwenye dashibodi na paa, na hatari kwa mapafu inapungua.

Kuhusu hiyo hatari tuseme wazi. Rangi hizi nyingi, za kopo moja na za hadina, zina kemikali iitwayo isosayaneti. Mvuke na ukungu wake unaweza kusababisha pumu, na mtu ambaye mwili wake umeshaanza kuikataa anaweza kubanwa kifua siku nyingine hata kwa kiasi kidogo. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Kwa rola, vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vipya vya mvuke wa kemikali, miwani, glavu za naitrili na nguo ndefu, na milango yote iwe wazi. Kwa kupuliza ndani ya gari, kinachohitajika ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama gereji haina, kazi hiyo isifanyike kwa kupuliza. Watoto wasiwe karibu, na asilale mtu ndani ya gari hilo mpaka rangi ikomae.

Nilipakiwa bedilaina mwaka huu. Baada ya miezi miwili imeanza kubanduka kama ngozi chini ya pedali na karibu na mlango wa dereva. Kosa la nani? – Msomaji, Mombasa

Geuza kipande kilichobanduka uangalie mgongo wake. Ukiwa laini na unang'aa, rangi ya chini haikusuguliwa. Ukiwa na rangi ya gari, rangi ya chini ndiyo iliyokuwa dhaifu. Ukiwa na unga wa kahawia, kulikuwa na kutu. Ukiwa na vijishimo vya mviringo kama macho ya samaki, kulikuwa na silikoni, ile ya dawa za kung'arisha dashibodi na matairi.

Bedilaina haishiki kwa kunata peke yake. Inahitaji mikwaruzo ya kujikita. Sakafu nzima isuguliwe kwa msasa wa namba 80 hadi 180 mpaka pasibaki doa linalong'aa, na pembe ambazo mashine haifiki zisuguliwe kwa mkono kwa pedi ya kukwaruzia. Pembe hizo ndizo huanza kubanduka, kwa sababu kila fundi huzichoka. Kabla ya kusugua, safisha mafuta kwanza. Ukisugua juu ya mafuta unayashindilia ndani ya mikwaruzo. Jaribu pia rangi ya zamani kwa kitambaa chenye thina: ikiyeyuka na kuacha rangi kitambaani, haiwezi kubeba bedilaina na itoke yote.

Kipimo chetu cha mwisho hakina gharama. Nyunyiza maji safi. Yakitandaa kama utando mmoja, pako safi. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta. Safisha upya, kausha, rudia.

Kwa Mombasa kuna jambo la ziada, nalo ni umande. Bati la gari lililolala nje huwa baridi kuliko hewa, na maji hujikusanya juu yake bila kuonekana. Kanuni ya wapiga rangi ni kwamba bati liwe na joto lisilopungua nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa lugha ya gereji: paka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kivulini, siku isiyo na mvua, na bati uliguse lisikie vuguvugu. Jua kali la moja kwa moja nalo baya, kwani juu panakauka kabla ya chini na vipovu vinabaki.

Koti mbili nyembamba, ya pili ikifuata ndani ya muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukichelewa kupita muda huo, koti ya kwanza imeshafunga na lazima isuguliwe tena. Koti moja nene ya kumaliza kazi haraka hufunga juu, ndani ikabaki mbichi, na hiyo ndiyo inayokunjamana chini ya kisigino cha dereva.

Nina Defender 110, nafanya safari za Arusha hadi Serengeti. Nikipaka, nizibe nini na niache nini wazi? Na joto je? – Msomaji, Arusha

Defender ina mambo yake. Sakafu zake za mbele na kifuniko cha giaboksi hufunguliwa kwa skrubu ili fundi afike kwenye giaboksi. Usipake vikiwa vimefungwa, la sivyo siku ya kubadilisha klachi rangi itachanwa mstari mzima. Vitoe, vipake pembeni kila kimoja peke yake, virudishwe na mpira mpya wa kuziba. Paneli za alumini zisuguliwe na kupakwa praima siku hiyohiyo, kwa sababu alumini hujifunika oksaidi mara moja. Mahali inapokutana na chuma cha sehemu ya miguu ndipo huliwa haraka kunapokuwa na maji, hivyo pafunikwe pande zote kwa epoksi kabla ya kufunga.

Kwa gari lolote, ziba kwa tepu ya karatasi au boliti kuukuu: matundu yote ya boliti za viti na mikanda, reli za viti, kingo zinazoshika mipira ya milango, plagi za waya, na vibao na namba za utambulisho wa gari. Kuna kimoja kinachosahaulika sana, nacho ni boliti za athi, pale waya wa negativu unaposhika bodi. Athi ikikaa juu ya rangi, utapata taa hafifu, geji zinazocheza, na fundi umeme atakayetafuta wiki nzima. Vizibo vya mpira vya sakafuni vitolewe kabla ya kupaka, ukingo wa tundu upakwe, kisha virudi bila kugandishwa, ili maji yakiingia uweze kuvifungua yatoke. Tepu ing'olewe rangi ikiwa bado laini. Ikikauka itang'oka na vipande.

Kuhusu joto na kelele, usitarajie mengi. Tabaka la milimita moja halizuii joto la giaboksi wala la ekzosi, na mngurumo wa matairi utausikia zaidi kuliko wakati wa kapeti. Dawa ni kubandika mabamba ya butili, yaani mpira unaonata, yenye karatasi ya alumini juu ya bedilaina iliyokomaa, kwenye ukuta wa injini na mgongo wa giaboksi, kisha mipira mizito ya kukanyagia yenye sponji isiyonyonya maji, ambayo unaweza kuinyanyua na kukausha chini yake. Tusingeshauri kupaka bedilaina juu ya mabamba ya lami mapya. Lami hulainika kwa joto, na rangi ngumu iliyo juu yake hupasuka.

Nikishamaliza, naweza kuosha ndani kwa mpira wa maji? Na nisubiri siku ngapi? – Msomaji, Zanzibar

Fuata chupa, lakini kwa rangi nyingi za hadina unaweza kurudisha viti baada ya siku mbili au tatu, na rangi hukomaa kabisa kwa takriban wiki moja. Mpaka hapo usibebe mizigo wala usimwage maji.

Kuosha kwa mpira wa maji, hapana, isipokuwa umehakikisha hakuna plagi, kompyuta wala waya chini ya viti na pembeni mwa miguu ya abiria, na magari mengi ya kisasa yanazo. Tumia ndoo, brashi laini na sabuni ya kawaida, ufungue vizibo, kisha ukaushe kwa kitambaa. Ukitoka ufukweni, suuza mchanga na chumvi kwa maji baridi siku hiyohiyo. Nyuma, kwenye mizigo, ambako jua linapiga kupitia vioo, rangi nyeusi ya bei nafuu itapauka na kuwa kijivu. Haijaharibika, na ukitaka irudi, isugue kidogo na upake koti moja inayostahimili jua.